Mabaharia wa Bulembia

Saa tatu asubuhi ya Alhamisi, Inspekta Rusi wa ofisi ya upelelezi Kasese alikuwa amebakiwa na saa saba tu, na mkuu wake alishamwambia kinagaubaga kwamba anazichezea.

Faili lenyewe lilikuwa jembamba la kutia aibu. Ndani mlikuwa na malalamiko ya mtu mmoja, Feresita, mkulima wa mahindi na pamba kutoka Kitswamba, aliyefika kituoni mara nne kusema kwamba bintiye Sylivia anachukuliwa. Anachukuliwa na nani? Na bwana Gracien. Kwenda wapi? Kwenye meli ya matajiri wanaozunguka dunia, akawe mhudumu wa mezani. Bwana Gracien ana leseni ya kuajiri? Anayo, na imeandikwa kwamba kazi hiyo ya meli aliifanya mwenyewe miaka tisa. Binti ana miaka mingapi? Ishirini na miwili, na kwenda anataka mwenyewe. Sasa mama, kosa liko wapi? Hapo Feresita alijibu kila mara jambo moja: mtu anayefungia pasipoti za wasichana kumi na wawili mkobani, akakataa mama zao wasizione hata majalada, ana lake.

Maaskari wa zamu walimcheka. Rusi hakucheka. Alishaona faili za namna hiyo zilizofunguliwa baada ya ndege kuruka, na hizo huwa nene, tena zina picha za watu ambao mama zao bado wanawasubiri. Basi la kuwapeleka wasichana uwanja wa ndege lilikuwa liondoke saa kumi jioni ile ile.

Mkuu wake hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu wazazi kumi na mmoja waliokuwa na furaha kuliko mmoja aliyekuwa na wasiwasi.

"Niletee uongo moja, Inspekta," alimwambia. "Moja tu, yenye hata wazazi wataona kwa macho. Ukipata, fungua hiyo mkoba yake. Ukikosa, usimguse."

Basi saa nne Rusi alikuwa Bulembia, ndani ya ukumbi aliokodi Gracien, amealikwa kama wageni wengine kwenye chakula cha kuwaaga mabaharia. Alikaa meza moja na Feresita. Nyuma yao alikaa Koplo Syahuka, dereva wake, askari wa siku nyingi ambaye kwake kazi yoyote isiyo na chakula ni adhabu, na leo alikuwa amefurahi mno.

Ukumbi ule zamani ulikuwa stoo ya saruji, lakini usingeujua. Meza nane zilivalishwa vitambaa vyeupe vilivyonyooshwa pasi vizuri. Kila sahani ilikuwa na uma tatu kushoto, visu vitatu kulia, na glasi nne mbele yake, na wazazi walikaa wima mikono mapajani wakiogopa kugusa kitu. Ukutani ilibandikwa ratiba ya siku melini. Saa moja, mazoezi ya viungo kwenye sitaha ya juu. Saa nne, somo la kuchonga matunda. Saa sita, chakula cha mchana. Saa kumi, chai, keki na piano. Saa kumi na mbili, zamu ya kwanza ya chakula cha jioni. Saa mbili na nusu, zamu ya pili. Mzee Jonan, mtu wa Kanisa ambaye bintiye Proscovia naye alikuwa safarini, aliisoma yote kwa sauti na kuuliza watu hao wanalima saa ngapi.

Gracien alicheka kuliko wote. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, mzaliwa wa upande wa Butembo, ndani ya koti jeupe lenye vifungo vya shaba. Wasichana walimwita Kapteni. Na lazima tumpe haki yake: kusimulia alijua. Alisimama katikati ya ukumbi akawapandisha watu wa Kasese melini mmoja mmoja. Safari moja ni siku mia na kumi, alisema, na mgeni ana meza ile ile na mhudumu yule yule tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Mhudumu anajua kwamba mjane wa meza ya kumi na nne anataka yai la dakika nne, si tano. Anajua kwamba bwana na bibi wa meza ya tisa hawasemezani, hivyo kila mmoja apelekewe menyu yake. Jioni, karatasi ya ratiba ya kesho inaingizwa chini ya kila mlango. Kufika mwezi wa tatu, matajiri wamechokana, wanagombania viti vya dirishani, na mhudumu ndiye anayewapatanisha kwa kuwaletea keki. Wazazi walisikiliza midomo wazi, na Rusi mwenyewe, alikiri baadaye, kwa dakika chache alitamani aende.

Kisha wasichana wakaanza kuhudumu, na walihudumu vizuri. Walitoka jikoni kwa mstari, wakageuka kwa pamoja, wakaweka sahani kwa pamoja. Supu ya malenge. Kipande cha samaki wa Ziwa Edward kilichotoshana na vidole viwili. Kijiko cha barafu ya pasheni, cha kusafisha ulimi. Mzee Jonan aliuliza kama hicho chakula kimekwisha au kimefichwa. Alipoambiwa bado sahani nne, akasema kumbe matajiri wanakula mlo mmoja uliokatwa vipande saba, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwisho wakaja na mabirika ya chai. Walijaza vikombe pomoni, hadi chai ikasimama kwenye ukingo bila kumwagika tone, na hapo mzee Jonan aliridhika kabisa. Huyu amewafundisha adabu, alisema, maana kikombe cha nusu anapewa mtu unayetaka aondoke.

Sylivia ndiye aliyehudumia meza ya mama yake. Alikuwa msichana mrefu, mkono wake mtulivu kuliko wote, na alimmiminia Feresita chai bila kumtazama usoni. Walikuwa hawajasemezana wiki tatu, tangu mama aende polisi mara ya kwanza. Feresita aliishika ile chai kwa mikono miwili na hakuinywa.

Chakula kilipokwisha, Rusi alimwomba Gracien wasogee kando. Kapteni alikuja akitabasamu, mkoba wa ngozi begani. Ule mkoba haukumtoka, hata alipokuwa akisimulia.

"Asubuhi, wageni wa kwanza wanaingia kula saa ngapi?" Rusi aliuliza.

"Saa moja kasoro robo, Madame. Lakini siye tuko macho toka saa kumi na moja."

"Nyinyi mnakula wapi?"

"Chini kabisa, pahali hapana dirisha. Wali na samaki, kila siku ya Mungu."

"Na saa? Kule kote mnakopita, saa inakuwa namna gani?"

"Tunaisogeza saa moja mbele, ao nyuma, wakati wageni wamelala. Mutu wa meli hajui usingizi kamili."

Hakujikwaa hata mara moja. Rusi aliuliza jina la meli, akajibiwa. Aliuliza idadi ya majiko, akajibiwa. Mwishoni akaomba kuona picha, na Gracien akafungua simu kwa furaha. Zilikuwa thelathini. Gracien na sinia begani. Gracien kando ya piano. Gracien akiinama mbele ya meza iliyotandikwa, nyuma yake dirisha na bahari ya buluu. Mwaka wa kwanza huu, alisema, huu wa nne, huu wa tisa. Akamtumia zote thelathini kwenye simu yake papo hapo.

"Chukua zote, Madame," alisema. "Hata ukienda nazo kwa mukubwa wako, miye sina cha kuficha."

Mkoba tu ndio alioukatalia. Pasipoti ni mali ya safari, alisema, na leseni inamruhusu. Hilo lilikuwa kweli, na Rusi alijisikia mjinga.

Nje, Koplo Syahuka alikuwa bado analamba midomo. Rusi alimuuliza kama katika wilaya nzima kuna mtu mwingine aliyewahi kuikanyaga meli, na Syahuka, ambaye hakuna hoteli ambayo hajala, akajibu bila kufikiri. Bwera yuko Mkongo mmoja, Célestin, ana kihoteli karibu na soko. Inasemekana alihudumu melini miaka mingi. Chakula chake kizuri, ila mtu mwenyewe mchoyo. Kwa nini mchoyo? Basi tu, afande, utamwona.

Walipita Kisinga saa sita mchana wakikwepa boda boda, na saa saba kasoro walikuwa Bwera. Célestin walimkuta anapanga sahani, mtu mfupi, mkimya, aliyekuja na mkewe Chérie kutoka Beni vita vilipowachosha. Rusi alimweleza kwa kifupi, akampa simu. Mzee alikaa chini kwanza, akafuta mikono kwa aproni, kisha akaanza kuzifungua picha polepole, na alipofika ya tano macho yake yalikuwa yamelowa.

"Hii ni bateau, meli ya kweli," alisema. "Nilitumika ndani ya ndugu yake, ya kampuni moja, miaka kenda. Ona kiti: chini ya mguu iko ndoano, ya kuifungia kwa sakafu. Watu hawajuwake ile."

Rusi alimwomba aangalie tena, huenda zimetengenezwa. Célestin alikataa. Piano ni yenyewe, zulia ni lenyewe, hata koti la Gracien lina mshono wa kampuni kwenye kola. Basi Rusi akamsomea majibu yote ya Gracien, moja baada ya jingine, na kwa kila moja mzee alitikisa kichwa kukubali. Yai la dakika nne, ndiyo, wako wajane wa namna hiyo. Chini hakuna dirisha, ndiyo. Saa husogezwa, ndiyo. Akaongeza na yake, maana alikuwa hajaulizwa habari hizo kwa miaka: jinsi mkate wa asubuhi ulivyopikwa kilo mia nne, jinsi wageni wa siku mia walivyolia siku ya kushuka na kuwakumbatia wahudumu waliowanunia safari nzima, jinsi yeye mwenyewe alivyokula Krismasi tisa amesimama.

Ilikuwa saa saba na nusu. Kama Gracien alikuwa mhudumu wa kweli, na leseni ni ya kweli, basi Feresita ni mama mwenye wivu na yeye ni askari anayepoteza mafuta ya serikali. Alifikiria namna atakavyomwambia yule mama, na hakupata namna.

Chérie alileta vikombe, na Célestin mwenyewe akamimina chai. Alimimina ya Rusi, akamimina ya Syahuka, akaweka birika chini. Koplo alitazama kikombe chake, kisha akamtazama Rusi kwa uso wa mtu aliyethibitishiwa neno lake. Chai ilikuwa imefika theluthi mbili.

"Papa Célestin," Syahuka alisema, "sisi tumetoka Kasese. Tulikosa nini?"

Chérie alicheka, akachukua birika akaongeza. Alisema ndiyo kazi yake kila siku, kupita nyuma ya mume akijaza, la sivyo wateja wanasusa. Alishagombana naye hadi akachoka. Kwa watu wa Bwera na wa Beni vilevile, kumpa mgeni kikombe pungufu ni kumtukana, na mume wake analijua hilo toka utotoni.

"Najua," Célestin alisema kwa unyonge. "Ni mukono ndiyo inakataa. Wiki ya kwanza kwa bateau nilijaza supu sawa nyumbani. Mer, ile bahari, ikasukuma, nikamumwangia mama moja mapajani. Banirudisha kuosha sahani miezi mbili. Toka siku ile, hata uniambie nijaze, mukono inasimama yenyewe."

Rusi aliweka kikombe chini.

Akamuuliza kama wako wahudumu wa meli wanaojaza. Célestin akasema hapana hata mmoja. Hata bahari ikitulia? Hata ikitulia, maana huwezi kujua itachafuka lini. Siku ikichafuka sana hata vitambaa vya meza vinaloweshwa maji ili sahani zisikimbie. Anayejaza ni mhudumu wa wiki moja, Madame, si wa miaka. Na anayefundisha wenzake kujaza? Mzee alifikiri, akasema huyo hajawahi kumimina kitu juu ya maji.

Sasa kichwa cha Rusi kilikuwa kinakimbia, na alikiacha kikimbie. Gracien aliwafundisha wasichana kumi na wawili kujaza pomoni. Aliwafundisha hivyo kwa sababu ndivyo mama yake alivyomfundisha, na hakuna bahari iliyowahi kumpinga. Kwa hiyo hajahudumu melini hata safari moja. Lakini picha ni za kweli na meli ni ya kweli. Basi aliingia ikiwa imesimama. Imefungwa bandarini, wageni wameshuka kutembea, meza zimetandikwa na glasi tupu. Na mtu anayeingia meli namna hiyo hakai miaka tisa. Anakaa siku moja.

Alizirudia picha zote thelathini, akikuza uso kwa vidole. Ya kwanza, ya kumi na moja, ya ishirini. Chini ya kidevu cha Gracien, upande wa kushoto, kulikuwa na plasta ndogo ya mtu aliyejikata akinyoa. Mwaka wa kwanza plasta, mwaka wa nne plasta, mwaka wa tisa plasta ile ile, ikiwa imeinuka kwenye kona ile ile. Alimpa Syahuka ahesabu. Syahuka alihesabu picha ishirini na sita, nyingine nne zilipigwa kwa mgongo. Rusi alicheka kwa sauti, akaona haya, kisha akacheka tena.

Alimpigia mkuu wake. Akamweleza yote, na mkuu akauliza kama wazazi wataelewa mambo ya vikombe. Rusi akasema wataona kwa macho. Kale, sawa, mkuu akajibu, wakiona, fungua. Célestin alishavua aproni. Hakuombwa kwenda, alikuwa tu amesimama kando ya gari akisubiri kufunguliwa mlango.

Walifika Bulembia saa tisa na dakika arobaini. Basi dogo lilikuwa limewashwa, mizigo imefungwa juu, na wasichana walikuwa wamepanga mstari wakiombewa na mzee Jonan. Rusi alisubiri amina, kisha akamwomba Kapteni jambo moja dogo kabla hawajaondoka. Wazazi walinung'unika. Mmoja alisema polisi wa nchi hii hawapendi kuona mtoto wa maskini akipanda. Rusi alisema ni dakika tano tu, na kama atakuwa amekosea, yeye mwenyewe ataomba radhi mbele yao.

Gracien aliona watu wanatazama, na mtu wa namna yake hakatai jukwaa. Wakarudi ukumbini wote. Meza zilikuwa bado zimetandikwa, mabirika ya chai juu yake.

"Nataka uoneshe wazazi kazi yenyewe," Rusi alisema. "Sema sisi tuko katikati ya bahari, na bahari imechafuka. Mimina chai kwa meza ya nahodha, vile ulimimina miaka tisa."

"Bahari imechafuka?" Gracien aliuliza.

"Imechafuka sana."

Gracien alikunja mikono ya koti. Akainua birika juu, akamimina uzi mwembamba wa chai kutoka mbali, akaushusha, akausimamisha. Kikombe kilijaa hadi ukingoni, na hakikumwaga hata tone. Wazazi wakapiga makofi. Aliinama kwa heshima, na Rusi naye akapiga makofi kidogo.

Kisha akamwita Célestin. Aliwajulisha watu kwamba huyu ni Papa Célestin wa Bwera, mhudumu wa meli miaka kenda, na akamwomba afanye vilevile kando ya kikombe cha Kapteni. Célestin alimimina kwa haraka, bila mbwembwe, mkono ukasimama wenyewe kwenye theluthi mbili. Ukumbi ukaguna. Mzee Jonan alisema atakayehamia kwa huyo atakufa kiu.

"Mzee, shika meza upande ile," Rusi alimwambia Jonan. "Inua polepole. Urefu wa kiganja moja tu."

Mzee aliinua. Kikombe cha Gracien kilimwagika papo hapo, chai ikakimbia juu ya kitambaa cheupe, ikafika pembeni, ikamdondokea Kapteni mwenyewe kwenye viatu. Kikombe cha Célestin kiliinama na meza, chai yake ikapanda upande mmoja, ikakaa humo. Jonan akateremsha meza, akainua tena, mara ya pili na ya tatu, kama mtu asiyeamini mikono yake. Hakuna aliyecheka sasa.

Gracien alisema hapa ni nchi kavu, na amejaza kwa kuheshimu mila ya wazazi. Rusi alimkumbusha kwamba aliambiwa mara mbili bahari imechafuka. Gracien akasema meli za siku hizi ni kubwa, hazitikisiki. Célestin akauliza, kwa upole kabisa, basi ndoano chini ya viti vyao ni za nini. Mkono wa Kapteni ukaenda kwenye mkoba.

Hapo Rusi akatoa simu, akaipitisha kwa wazazi, kutoka mkono hadi mkono. Hakueleza kitu. Alisema tu watazame kidevu, mwaka wa kwanza, wa nne, na wa tisa. Simu ilizunguka meza ya kwanza, ikaenda ya pili. Mama mmoja akaivuta karibu na macho. Ikafika kwa Sylivia, aliyesimama mlangoni na begi lake mgongoni, na yeye ndiye aliyesema.

"Kapteni," Sylivia aliuliza, "miaka tisa ulikuwa unajikata pahali moja?"

Gracien aligeuka haraka. Alijaribu mlango wa jikoni, akamkuta Koplo Syahuka amekaa pale kwenye kiti, anakula kipande cha samaki kilichosalia. Akarudi, akaketi, na maneno yakaanza kumtoka bila kuulizwa. Binamu yake ndiye mhudumu. Meli ilitia nanga Mombasa siku moja, yeye akaingia kama mpakiaji wa mboga, akaazima koti, wakapiga picha muda wa nusu saa wageni wakiwa mjini. Mengine yote alisimuliwa kwa simu.

Rusi aliufungua mkoba mbele ya wote, juu ya kitambaa kilicholowa. Pasipoti kumi na mbili zilikuwa juu. Chini yake kulikuwa na mikataba, nayo kumi na miwili, si ile waliyosaini wasichana. Alisoma mmoja kwa sauti, taratibu, ili kila mtu asikie. Mtumishi wa nyumbani. Mji wa ng'ambo ambao hauna bahari. Miaka miwili bila ruhusa ya kutoka nje ya nyumba ya mwajiri, na pasipoti kubaki kwa mwajiri. Neno meli halikuwemo hata mara moja. Proscovia alikaa chini sakafuni na sare yake nyeupe, na baba yake mzee Jonan akakaa naye pale pale chini, akamshika bega.

Syahuka alimfunga Gracien pingu, akamwongoza nje. Wazazi waliwapisha njia, na hakuna aliyemgusa, ingawa Rusi aliona mikono kadhaa ikijizuia. Alijisikia mwepesi, mwenye furaha tupu isiyo na haya, na hakujaribu kuificha. Mkuu wake alipiga simu kuuliza, akajibiwa kwa neno moja, na Rusi alimsikia akipumua upande wa pili.

Kisha akazisukuma pasipoti kuelekea kwa Sylivia, akamwomba azigawe yeye, maana wenzake anawajua.

Sylivia alisita. Akavua begi, akafuta mikono kwenye sketi, akachukua ya kwanza na kuifungua. Akaita jina. Msichana akaitika, akaja, akaichukua, akaibana kifuani kwa mikono miwili. Akaita la pili, na la tatu. Kadiri alivyoendelea sauti yake ilipanda, na kufikia la sita wazazi walikuwa wanaitikia pamoja na mabinti, na kufikia la tisa ukumbi mzima ulikuwa umesimama, unapiga makofi kwa kila jina kama siku ya kupokea vyeti. Célestin alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote, na machozi hakuyafuta.

Ikabaki moja. Sylivia aliifungua, akaitazama picha yake mwenyewe. Hakuweza kulitaja jina.

"Huyo ni wangu," Feresita alisema kutoka nyuma.

Alikuja kati ya meza bila haraka, mwanamke mfupi wa Kitswamba aliyekuwa amekwenda polisi mara nne peke yake. Hakusema nilikuambia. Alichukua ile pasipoti kutoka mkononi mwa bintiye, akaifunga, kisha akamrudishia mwenyewe ashike. Sylivia alimwangukia shingoni na kulia kwa sauti, na Feresita akamwacha alie.

Dereva wa basi aliingiza kichwa mlangoni kuuliza kama safari ipo au haipo, maana amepangiwa saa kumi kamili. Rusi alitazama saa, akamwambia ateremshe mizigo kumi na miwili, kisha aende salama. Saa kumi basi liliteremka kutoka Bulembia, viti vyote vitupu.